Mwalimu, Fundi na Kungwi

Asili ya neno mwalimu ni Kiarabu, mu'allim, yaani mtu ampaye mwenziwe elimu. Lilipoingia katika Kiswahili, ile mu ya mwanzo ilisikika kana kwamba ni kiambishi cha mtu, kama ilivyo katika mwizi au mwoga, na kwa hiyo wingi wake ukawa waalimu, hatimaye walimu. Mwarabu hasemi hivyo kamwe. Jambo lilo hilo lilimpata baadaye mhadhiri wa chuo kikuu, naye sasa ana wahadhiri wenziwe.

Lakini si kila mwalimu alikuwa mtu wa darasani. Katika Bahari ya Hindi mu'allim alikuwa mtu wa chomboni, mjuzi wa nyota, wa pepo na wa njia za bandarini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpa rubani wa kumvusha mpaka India, na mwezi wa Mei wakatia nanga karibu na Calicut. João de Barros, mwandishi wa Kireno ambaye kitabu chake kilianza kutolewa 1552, amwita rubani huyo Malemo Cana, Mwislamu wa Gujarat. Malemo si jina la mtu. Ni mu'allim jinsi sikio la Mreno lilivyoisikia, nayo ni cheo cha kazi. Wale waliomdhania kwa muda mrefu kuwa ni Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, hawakuyapa maneno hayo uzito uliostahili.

Nchi kavu, mwalimu alikuwa mtu wa chuoni. Chuo chenyewe kwanza kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali kisomwapo. Mtu yule yule aliyewasomesha watoto Kurani aliendewa na wazee wao awatazamie nyota au awaandikie hirizi, maana aliyejua maandiko alidhaniwa kuyajua yaliyofichika pia. Wamisheni walipokuja katika karne ya 19 waliwaachia Waislamu shehe na ustadhi, bali mwalimu walimchukua. Huko bara akawa ndiye aliyewafundisha watu dini na kusoma, na katika Biblia ya Kiswahili Yesu mwenyewe aitwa Mwalimu. Hivyo neno likawa tayari kwa kila mtu, na serikali zilipofungua shule hazikuhitaji kutafuta lingine. Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu, aliiacha kazi hiyo 1955 kwa ajili ya siasa, lakini jina halikumwacha hata alipofariki 1999. Huko Tanzania, asemaye Mwalimu bila kutaja jina amekwisha kueleweka. Unguja na Pemba husema Maalim, na hapo jina la mtu hufuata.

Maneno ya Kibantu yalikuwa na bahati nyingine. Kitenzi funda ndicho kilichozaa fundisha, funza, mwanafunzi na mkufunzi. Fundi naye zamani hakuwa mtu wa nyundo na msumeno tu. Alikuwa yeyote aijuaye kazi yake hata aweze kumtia mwingine ndani yake. Tena stadi, tumwitavyo fundi hodari, na ustadhi wa madrasa ni neno moja, lililotoka Uajemi likapita Uarabuni: kwao bwana wa kazi ya mikono na bwana wa elimu waliitwa sawasawa. Kiswahili kimewatenga.

Waliotengwa zaidi ni kungwi na somo, wanaomfunda mwari unyagoni, na nyakanga wa jandoni. Hao wana mafunzo yao, yenye nyimbo na mafumbo ya kushikwa kwa moyo. Wana miiko, na wana ujira wa desturi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapwa 1903, aliyaeleza mambo ya jando na unyago pamoja na ya chuoni, bila kulidharau lolote. Lakini mshahara wa serikali ulikwenda kwa mwalimu, na heshima ikaufuata. Ndiyo sababu mtu aliyekaa miaka mingi chini ya fundi seremala, akajua mbao za kila mti na kuunda mlango wa nakshi, akiulizwa alisoma wapi, hujibu kwamba yeye hakusoma.