Nani Anachagua Shanga?

Kwa sherehe za jioni Nairobi, gauni jeusi tupu na mkufu mpana wa shanga za Kimaasai shingoni, umemaliza. Mchana unauvalia shati jeupe na jinzi. Inapendeza, sibishi. Ila watu husema "utamaduni wa kale" kana kwamba shanga ziliota Kajiado kama nyasi.

Kioo hicho kilitoka Venice, baadaye Bohemia, kikapanda bara kutoka pwani vichwani mwa wapagazi. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika Taveta na mizigo ya shanga, akaambiwa Wamaasai hawatazipokea vile zilivyo. Ikabidi watu wake wakae chini wazitunge upya, kwa urefu unaotakiwa. Hebu fikiria, msafara mzima wenye bunduki umekwama ukitunga shanga! Viwanda vilikuwa Ulaya, lakini fasheni iliamuliwa na wavaaji.

Sio wavaaji wote, lakini. Kwa Wasamburu, morani humvisha msichana shanga nyingi nyekundu, familia ikikubali, na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa wake bila ndoa. Wengine bado ni watoto. Mkufu uleule, na aliyeubeba hakuulizwa.

Karibu na Archers Post kuna kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa mwaka 1990 na wanawake Wasamburu waliokimbia dhuluma. Wanatunga mikufu, wanachagua rangi, wanawauzia watalii. Pesa wanashika wenyewe.