Faru Aliye Mfukoni Mwako

Ukiwa na noti ya shilingi 5,000, itoe uitazame. Mnyama yule mwenye pembe puani ni faru, wengine humwita kifaru. Aliingiaje humo?

Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zilikuwa na picha za sungura, mbuni na samaki. Faru hakuwamo, ingawa porini walikuwa wengi. Mwaka 1974 ilitolewa sarafu ya fedha ya shilingi 50 yenye picha yake, kwa ajili ya kuhifadhi wanyama, maana majangili walikuwa wakiwamaliza. Pembe zao zilipelekwa Yemen zikafanywa mipini ya majambia, na Asia ya Mashariki zikafanywa dawa. Mwaka 1970 Afrika nzima ilikuwa na faru weusi wapata 65,000; mwaka 1995 hawakufika 2,500.

Mwaka 1996 alirudi kwenye sarafu ya shilingi 50, safari hii na mtoto wake. Mimi naipenda picha hiyo kuliko ya noti.

Haya, shika kalamu. Andika: faru na mtoto wake.