Maandishi ya Kengele ya Hoko-ji

Katika hekalu la Kibuddha la Hoko-ji, mjini Kyoto, Japani, imetundikwa kengele ya shaba nyeusi yenye uzito upatao tani 82 na kimo kipitacho mita 4. Si ukubwa wake unaotufanya tuichunguze hapa, bali maneno yaliyoandikwa ubavuni mwake.

Kengele hii ilisubiwa mwaka 1614 kwa amri ya Toyotomi Hideyori, mwana wa Hideyoshi, mtawala aliyefariki mwaka 1598. Lakini mamlaka yalikuwa yamekwisha kuhamia kwa Tokugawa Ieyasu, aliyeshinda vita vya Sekigahara mwaka 1600 na kufanywa shoguni, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, mwaka 1603. Hideyori alibaki katika ngome ya Osaka, akiwa bado na mali na wafuasi.

Mtunzi wa maandishi alikuwa mtawa Bun'ei Seikan. Kati ya maneno yake mlikuwamo herufi nne za kuitakia nchi amani na utulivu: kokka anko. Basi, herufi ya pili na ya nne ndizo ziandikazo jina la Ieyasu, na herufi ya amani imesimama katikati. Watu wa Ieyasu wakadai kwamba jina la bwana wao limekatwa vipande viwili, na kwamba hiyo ni laana. Seikan alijitetea kuwa jina hilo aliliingiza kwa heshima. Watawa wakuu wa Zen wa Kyoto walipoulizwa, walimlaumu. Naye msomi Hayashi Razan akaongeza tuhuma nyingine.

Sherehe ya uzinduzi ikazuiwa. Mwishoni mwa mwaka 1614 jeshi la Ieyasu liliizingira Osaka. Mwaka 1615 ngome ilianguka, na Hideyori akajiua.

Je, herufi nne ndizo zilizoleta vita? La hasha. Zilikuwa kisingizio tu. Lakini tuangalie jinsi kisingizio kilivyopatikana: mwenye nguvu hakubadili hata herufi moja, alihitaji wafafanuzi, nao walitoka miongoni mwa wenye elimu na watu wa dini. Sisi tulio wafafanuzi wa maandishi hatuna budi kujiuliza ni nani anayesubiri jibu letu, na kwa nini.

Kengele haikuyeyushwa. Siku hizi maneno yale yametiwa alama nyeupe ili mgeni ayaone. Asomaye huikuta sala ya amani, kama ilivyoandikwa.