Hasara ya Njiani ni ya Nani? Upare, Tanga na Chimbuko la Masharti ya Kukabidhi Bidhaa

Biashara ya masafa marefu ina swali ambalo lisipojibiwa mapema huzaa ugomvi: mzigo ukipotea au kuharibika njiani, hasara ni ya nani? FOB, CIF na vifupisho vingine vya herufi tatu vinavyoandikwa leo kwenye mikataba ya kimataifa ni majibu ya swali hilo. Vilipewa maana moja mjini Paris mwaka 1936, lakini swali lenyewe lilikwisha kupita chini ya Milima ya Upare miaka mingi kabla ya hapo.

Wafua chuma wa Ugweno huko Upare, hasa ukoo wa Washana, waliwauzia majirani zao majembe na mikuki. Jembe lilipopokelewa, hatari yake ilihama papo hapo. Misafara ya karne ya 19 iliyofuata Mto Pangani kuelekea Kilimanjaro ilileta utaratibu mwingine. Wenye misafara walikopa nguo na shanga kwa matajiri wa Unguja na Pangani, wakaahidi kulipa kwa pembe za ndovu. Wapagazi, chakula na hongo kwa watawala wa njiani vilikuwa juu ya mwenye msafara, naye mkopeshaji alisubiri pwani. Gharama na hatari ya safari nzima zilikuwa zimekwisha kukatwa katika bei aliyolipwa muuzaji wa bara.

Mwaka 1893 mambo mawili yalianza kwa pamoja. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ambayo kati yake ni 62 tu iliyofika hai. Reli ilipita Same, katika Upare, na kufika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga tawi la kutoka Voi lililoungana nayo Kahe, kwa hiyo mzigo wa Upare ukapata njia mbili za kwenda baharini: Tanga na Mombasa. Mashamba ya mkonge nayo yalienea katika nyanda za chini, Ndungu yakiwemo.

Tanga ndipo masharti haya ya kukabidhi mzigo yalipoonekana kwa macho. Kwa miongo mingi meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga ndani ya ghuba, na marobota ya katani yakapelekwa kwa matishari. Aliyeuza kwa FAS alipaswa kuufikisha mzigo ubavuni mwa meli, na aliyeuza kwa FOB aliupandisha melini. Kwa kanuni ya zamani ya FOB, robota likianguka majini kabla ya kuvuka ukingo wa meli, hasara ilikuwa ya muuzaji, na likishavuka, ya mnunuzi. Kwa CIF, muuzaji alilipa pia nauli na bima hadi bandari ya Ulaya, lakini hatari ilihama kulekule ilikopakiliwa. Bei ya katani ya Afrika Mashariki ilizoeleka kutajwa kwa CIF, na mwenye shamba alilazimika kuhesabu kurudi nyuma: atoe bima, nauli ya meli, tishari na reli, ndipo ajue kilichobaki.

Tatizo lilikuwa kwamba kila nchi ilikuwa na tafsiri yake. Chemba ya Biashara ya Kimataifa, iliyoanzishwa mwaka 1919, ilichunguza masharti sita katika nchi 13 na kutoa matokeo mwaka 1923. Tofauti zilikuwa kubwa. Baada ya uchunguzi wa pili wa mwaka 1928, kanuni za kwanza za masharti hayo, ziitwazo Incoterms, zilitolewa mwaka 1936. Ziliandikwa zaidi kwa jicho la bahari. Masharti ya reli yaliongezwa mwaka 1953, ya makontena yakafuata mwaka 1980, na mwaka 2010 ukingo wa meli ukaacha kuwa mpaka wa hatari. Toleo la 2020 lina masharti 11.

Kwa Same, masharti ya kukabidhi mzigo bara ndiyo yenye uzito. Mnunuzi anayeifuata tangawizi milimani Mamba Miamba kwa gari lake hununua kwa namna inayokaribia EXW: mkulima hagharimii njia, lakini kila kona ya mlima imo katika bei anayopewa. Ushirika ukikabidhi mzigo mjini Same kwa msafirishaji wa mnunuzi, ambayo ndiyo FCA, unabeba gharama ya kushuka mlima na unapata haki ya kuidai katika bei.

Maboresho ya Bandari ya Tanga ya miaka ya karibuni yamewezesha meli kufunga gatini na kupunguza kazi ya matishari. Nafuu hiyo humfikia kwanza anayeuza kwa FOB Tanga. Mkulima anayeuzia shambani haipati mpaka aijue na kuidai mezani. Ndiyo maana elimu ya masharti haya inastahili kutolewa kwenye vyama vya ushirika vya Upare, sambamba na elimu ya mbegu na mbolea.