Umbo la dume na ukuaji wa ndama wa nyama

MFUGAJI anayechagua dume la mbegu kwa kutazama ukubwa wa mwili pekee anaweza kupata ndama wanaokua haraka, lakini pia anaweza kupoteza ndama na mama yake siku ya kuzaa.

Ndama hurithi nusu ya vinasaba kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Hata hivyo, dume mmoja huweza kupanda majike 25 hadi 30 kwa mwaka, hivyo umbo lake huenea katika kundi zima kwa muda mfupi.

Nchini Marekani, wataalamu hupima umbo hilo kwa kimo cha nyonga kulingana na umri, na kulipanga katika madaraja 1 hadi 11. Daraja moja hutofautiana na jingine kwa takriban sentimita 5. Kipimo hicho huonyesha urefu wa mifupa, wala si unene wa mnyama.

Madume ya umbo kubwa, kama vile Charolais kutoka Ufaransa na Simmental kutoka Uswisi, huzaa ndama wanaoendelea kujenga mifupa na misuli kwa muda mrefu kabla ya kuweka mafuta. Wazao wa Angus na Hereford, koo zenye asili ya Uingereza, hukomaa mapema na hunenepa wakiwa na uzito mdogo zaidi.

Tofauti hizo zilidhihirika katika majaribio yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika kituo cha utafiti cha Clay Center, jimbo la Nebraska, ambako majike ya Angus na Hereford yalipandwa na madume ya koo mbalimbali. Ndama wa Charolais na Simmental walikua haraka na kutoa nyama nyingi isiyo na mafuta. Lakini walizaliwa wakiwa wazito, na mama zao walipata shida zaidi wakati wa kuzaa. Ndama wa Jersey walizaliwa kwa urahisi, ila ukuaji wao ulikuwa wa polepole.

Uzito wa ndama anapoachishwa kunyonya, akiwa na umri wa miezi saba hivi, hutegemea pia maziwa ya mama. Mchango wa baba huonekana wazi zaidi baadaye, mnyama anapojitegemea kwa malisho. Mnyama mkubwa huhitaji chakula kingi kila siku, hivyo wakati wa ukame hukonda upesi.

Kwa Tanzania, ambako ng'ombe wengi ni zebu wenye mwili mdogo, suala hili lina uzito wa pekee. Boran, mwenye asili ya kusini mwa Ethiopia na aliyeendelezwa nchini Kenya, ni mkubwa kuliko zebu hao, lakini huvumilia joto na malisho haba kuliko koo za Ulaya.

Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza hapaswi kupandwa na dume la umbo kubwa, hata kama mbegu inaletwa kwa uhimilishaji. Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kuomba kumbukumbu za uzito wa dume alipozaliwa, alipoachishwa kunyonya na alipotimiza mwaka. Dume anayefaa ni yule aliyezaliwa na uzito wa wastani, kisha akakua vizuri kwa malisho yanayofanana na ya mnunuzi.