Lafudhi ya Keringet na Kiingereza cha Hewani

Kuanzia 1978 hadi 2002, huenda hakuna Mkenya aliyesikika hewani akisoma Kiingereza mbele ya taifa zima mara nyingi kuliko Daniel arap Moi. Kila sikukuu ya kitaifa alisoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha akaiweka karatasi kando na kujimwaga kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha mwalimu wa zamani aliyezaliwa Sacho, Baringo, na lafudhi yake ya Kikalenjin haikujificha. Katika taarifa ya habari ya jioni hiyo hiyo, jina lake likiwa ndilo la kwanza kutajwa, lilisomwa na mtangazaji ambaye matamshi yake yalielekea London. Kwa kawaida mtawala akikaa muda mrefu, namna yake ya kusema hugeuka kuwa namna ya dola. Hapa haikuwa hivyo. Moi aliamua nani awe waziri na nani avuliwe uwaziri, lakini hakuwahi kuwa kipimo cha namna ya kutamka sentensi ya Kiingereza katika studio ya serikali yake mwenyewe. Mtoto wa Keringet, kule Kuresoi Kusini, aliyelelewa kwa Kikipsigis, lugha ndugu ya ile ya rais, alijifunza mapema kwamba kuna Kiingereza cha kutawalia na kuna Kiingereza cha kusomea habari, na kwamba hiki cha pili hakikuwa cha kwao. Nashikilia kwamba mpangilio huo haukutokana na haja ya kueleweka. Ulitokana na historia ya nani alimiliki mitambo, nani alifunzwa na nani aliajiriwa.

Redio ilipoanza Nairobi mwaka 1928, chini ya kampuni iliyoitwa British East African Broadcasting Company, haikukusudiwa kumfikia Mwafrika. Ilikuwa chombo cha walowezi. Nyanda za juu kuanzia Nakuru na Njoro hadi Molo na miteremko ya Mau zilikuwa zimegawiwa Wazungu, na mwenye shamba aliyeishi mbali na majirani zake alihitaji habari za kwao, muziki wa kwao na bei za mazao. Baadaye kazi hiyo ya utangazaji ikashikwa na kampuni ya Cable and Wireless. Kule Uingereza kwenyewe, BBC ilikuwa imeunda kamati mwaka 1926 ya kuamua jinsi wasomaji wake watakavyotamka maneno, na washairi na wataalamu wa fonetiki walikaa mezani kubishana kuhusu silabi. Waingereza wengi hawakusema hivyo majumbani mwao. Lafudhi iliyochaguliwa ilikuwa ya tabaka dogo lililosoma katika shule za kulipia kusini mwa nchi, na ndiyo iliyosafirishwa hadi makoloni kana kwamba ndiyo Kiingereza chote. Vibarua waliokama ng'ombe na kuchuma pareto katika mashamba ya walowezi, kama waliisikia redio hiyo, waliisikia kupitia dirisha la bwana.

Haya yangeweza kuishia 1963. Mfano mmoja unaonyesha kwamba kipimo cha matamshi si mwamba. Walowezi na BBC walizoea kuliita koloni hili kwa irabu ndefu, karibu na "Kiinya". Baada ya uhuru, huku Jomo Kenyatta akiwa madarakani, tamko hilo likaachwa, hata na watangazaji wa London, na leo ukilisikia utajua umekutana na mzee wa zamani sana. Hakuna msikilizaji aliyepotea njia kwa sababu ya mabadiliko hayo. Siasa ilitaka, redio ikafuata. Kwa nini basi jina la nchi likabadilishwa na sentensi zote zilizolizunguka zikabaki kama zilivyokuwa?

Jibu, kwa maoni yangu, liko katika muundo wa Sauti ya Kenya, jina ambalo utangazaji wa taifa ulipewa mwaka 1964 serikali ilipouchukua. Kazi iligawanywa kwa lugha. Idhaa ya Taifa ilisema Kiswahili, idhaa nyingine ilisema Kiingereza, na lugha za mama zilipewa saa zake. Mgawanyo huo ulikuwa na busara yake, lakini ulijenga ngazi. Kiswahili kilipata watangazaji waliopendwa kama ndugu wa nyumbani, kama Leonard Mambo Mbotela, aliyeweza kucheka, kukaripia na kuvuta maneno apendavyo. Idhaa ya Kiingereza ilibaki na suti na tai. Hata kipindi cha muziki wa jioni kama Sundowner kilikuwa na upole wa ukumbi wa hoteli. Chuo cha mawasiliano ya umma cha Nairobi, kilichoanza mwaka 1961 na kikaja kufunza mafundi na watangazaji, kilirithi vitabu na vipimo vilivyokuwapo. Sisemi walimu wake walikuwa na nia mbaya. Nasema hakuna aliyewaagiza kuandika vipimo vipya, na kipimo kisichoandikwa upya hubaki cha yule aliyekiandika kwanza.

Shule nazo ziliongeza uzito. Kuanzia 1957, mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ilijaribiwa Nairobi katika shule za Waasia, kisha ikaenea kwa Waafrika, na tume ya elimu ya Ominde ikaiunga mkono mwaka 1964. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha za maeneo katika madarasa ya chini, lakini mtihani ulibaki wa Kiingereza. Kisha kati ya 1980 na 1985 ukaja mradi unaostahili kukumbukwa zaidi kuliko unavyokumbukwa, wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza, uliofadhiliwa na Marekani na kuendeshwa pamoja na Taasisi ya Elimu ya Kenya. Kwa nusu saa kila siku ya masomo, sauti redioni iliuliza, ikanyamaza kidogo, na darasa zima likajibu kwa pamoja. Ulifanikiwa: watoto walioufuata walipopimwa, walifanya vizuri kuliko wenzao katika kusikiliza na kusoma. Hata hivyo, nyuma ya mbinu hiyo kulikuwa na dhana kwamba Kiingereza chenye kuaminika hutoka ndani ya boksi, na kwamba mwalimu aliye mbele ya darasa ni wa kuwasha na kuzima. Mwalimu wa Kipsigis aliyefundisha vizuri kwa miaka mingi alijikuta yeye ndiye mwenye kasoro. Hapo ndipo redio ilipoacha kuwa chombo cha habari tu na kuwa hakimu.

Kosa alilohukumiwa nalo lilikuwa nini hasa? Katika Kikalenjin, p na b, t na d, k na g hazitenganishi maneno kama zinavyofanya katika Kiingereza. Sauti moja inaweza kuwa nzito au nyepesi kulingana na jirani zake. Kwa hiyo msemaji akihamia Kiingereza, b inaweza kusikika p na g ikasikika k. Jambo hilo halina uhusiano na akili wala elimu. Mwingereza naye akijaribu kutamka ng' mwanzoni mwa neno hutapatapa, na hatumwambii aende shule. Lakini Mkenya aliyetamka hivyo hewani aliambiwa ameshrabu, yaani ametamka Kiingereza kwa sauti za lugha ya mama, na kicheko kilimfuata hadi nyumbani.

Kicheko hicho kina historia ya ajabu kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Redykyulass lilianza kumwigiza rais jukwaani na kwenye televisheni, Walter Mongare akiwa ndiye Moi, sauti, fimbo na yote. Kwa nchi ambayo miaka michache kabla ilimfunga mtu kwa kusema pembeni, huo ulikuwa ushujaa, na naamini ulisaidia kuondoa woga. Ila mshale uliomlenga mwenye nguvu ulipita na kuwachoma wasio nayo. Rais alistaafu 2002 akaenda Kabarak. Lafudhi iliyochekwa ilibaki kwa muuza viazi wa Keringet na dereva wa lori la majani chai, watu ambao hawakuwahi kumfunga yeyote. Tangu hapo kila mchekeshaji mchanga anayetaka kupigiwa makofi upesi ana Mkalenjin wake mfukoni, kama alivyo na Mluo wake na Mkikuyu wake.

Wakati huo huo studio zilikuwa zimefunguliwa. KTN ilianza mwaka 1990, Capital FM ikafuata 1996, na mawimbi ya FM yakajaa vijana waliokulia Nairobi. Ungetarajia soko huria lilete lafudhi nyingi. Lilileta moja zaidi: ile ya kutweng, nusu ya Marekani na nusu ya Uingereza, ambayo haisemwi na kijiji chochote duniani. Mtangazaji wa zamani angalau aliiga mahali halisi. Na wale wasomaji wa habari waliotoka Bonde la Ufa, ambao wamekuwapo na ni hodari, wengi wao husikika kama waliozaliwa popote isipokuwa huko. Nafuu ilikuja kwa njia nyingine mwaka 2005, Kass FM ilipoanza kutangaza kwa Kikalenjin. Msikilizaji wa miteremko ya Mau alipata siasa, riadha na bei ya maziwa kwa lugha yake, na Kiingereza kikabaki lugha ya televisheni, ya mtihani na ya watu wa mbali.

Atakayepinga atasema kwamba kituo cha taifa lazima kiwe na kipimo, la sivyo msikilizaji wa Lamu hatamwelewa msomaji wa Kuresoi. Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Msomaji anayeshindwa kutofautisha kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza, maana matamshi yake hukaribiana, anaweza kupotosha idadi ya waliofariki katika ajali. Uwazi ni lazima. Lakini uwazi hufunzwa bila kufuta asili ya mtu: kasi, pumzi, mkazo, na kurudia tarakimu. Mwaka 1941 BBC ilimweka Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, kusoma habari za vita kwa lafudhi ya kaskazini, na wasikilizaji wakalalamika. Hawakusema hawakumwelewa. Malalamiko yao yalikuwa kwamba habari ikisomwa hivyo haiaminiki. Lafudhi ilikuwa imefanywa muhuri wa ukweli, na muhuri huo ndio tuliokuja kuurithi. Leo BBC hiyo hiyo imejaa Waskoti, Wawelsh na watu wa kaskazini, na hakuna anayesema habari zake zimekosa ukweli kwa sababu hiyo.

Ushahidi ulio karibu zaidi unatoka Keringet yenyewe. Faith Kipyegon, aliyekulia Ndabibit, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Rio, Tokyo na Paris, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya kabla yake. Tarehe 5 Julai 2025, huko Eugene, Marekani, alikimbia umbali huo kwa dakika 3 na sekunde 48.68, rekodi ya dunia. Kila baada ya mbio kama hizo husimama mbele ya maikrofoni za mabara yote na kujibu kwa Kiingereza cha nyumbani kwao, kwa utulivu, na dunia humwelewa. Hapewi maandishi chini ya skrini kwa kuwa hayahitajiki. Wapo wanaosema mwanariadha si mtangazaji, hivyo mfano haufai. Lakini mwanariadha anayehojiwa ana kazi ngumu zaidi: hana karatasi, anahema, na swali hakuliandaa. Anayeeleweka katika hali hiyo ataeleweka akiwa ameketi na maandishi mbele yake. Tena jirani zake wa Ethiopia mara nyingi hujibu kupitia mkalimani, na hakuna anayewapunguzia medali. Kijiji hicho kilichoipa televisheni ya dunia sauti yake kilingoja muda mrefu kuiona televisheni hiyo: nyumba ya wazazi wa bingwa huyo iliunganishwa na umeme Agosti 2024, wakati wa Olimpiki za Paris.

Kuna pingamizi jingine, nalo nalichukulia kwa uzito zaidi. Kuresoi imeungua zaidi ya mara moja kwa fujo za kikabila, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, na redio za lugha za mama zililaumiwa kwa uchochezi. Mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, kesi yake ikasitishwa Aprili 2016. Wapo wanaohitimisha kwamba Kiingereza kisicho na kabila ndicho salama hewani, na kwamba lafudhi ikitambulisha kabila la msomaji, habari nayo itapokelewa kikabila. Nionavyo mimi, mambo ni kinyume. Msikilizaji anayesikia Mkalenjin akisoma kwa haki habari zinazowaumiza Wakalenjin, na Mkikuyu akifanya vivyo hivyo kwa zake, anajifunza kwamba kabila la mtu si kauli yake. Kuficha asili ya kila msomaji hakumfunzi lolote. Watanzania, ambao Kiswahili ndicho kipimo chao hewani, wamezoea kumsikia mtu wa Bara na mtu wa Pwani katika taarifa moja bila taharuki.

Wengine watauliza kwa nini tusiache Kiingereza kabisa na kutangaza kwa Kiswahili. Moyoni niko nao kwa kiasi kikubwa. Lakini Katiba ya 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, sheria na bajeti zinaandikwa kwa Kiingereza, na raia atakayeachiwa Kiswahili tu ataachwa nje ya milango hiyo. Kama Kiingereza kitabaki hewani, basi kibaki kwa sauti za wenye nchi. Wakuu wa vituo wanaofanya majaribio ya sauti Nairobi waache kuuliza kama msomaji anasikika kama wa nje. Wachukue rekodi yake, waipeleke Molo, Keringet, Garissa na Kwale, wawaulize wasikilizaji wameelewa nini, na wamwajiri au wamkatae kwa majibu hayo.