Karatasi ya Mhusika

Toleo la kwanza la gemu yetu lilikuwa na sifa sita za mhusika, na hakuna hata moja tuliyoibuni sisi. Nguvu, Akili, Hekima, Wepesi, Ustahimilivu, Mvuto. Tuliziandika usiku mmoja, watu watatu kwa keja moja Kangemi, laptopu mbili na chaja moja ya kugawana, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Ilikuwa kama kuandika siku za wiki.

Gemu ilikuwa rahisi kueleza. Matatu zimegoma, ni saa moja jioni, uko tao pale Kencom, na lazima ufike Kawangware kwa miguu. Njiani unakutana na watu: unaongea nao, unawalipa, unawatoroka, ukijiamini unapigana. Kila mkutano unaamuliwa na dadu ikijumlishwa na sifa zako. Ni zile gemu ambazo kabla hujapiga hatua moja unajaza karatasi ya mhusika, yaani wewe ni nani kwa nambari.

Leo, miaka mitatu baadaye, kati ya zile sita zimebaki mbili. Kila tulipofuta moja tulibishana wiki nzima, na ni ubishi huo ulionifanya nianze kusoma historia ya hizi orodha. Nilidhani nitapata sayansi. Nilipata watu wanabishana kama sisi.

Zile sita zilichapishwa 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani, ndani ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson. Unarusha dadu tatu kwa kila sifa, unajumlisha, unapata kati ya 3 na 18. Kilichonishangaza ni kwamba kwenye vijitabu vya kwanza nambari zenyewe hazikuwa na kazi kubwa. Mpiganaji mwenye Nguvu nyingi alipanda ngazi haraka zaidi, lakini ngumi yake haikuwa nzito zaidi. Faida za kupiga na kuumiza zilikuja na kitabu cha nyongeza cha 1975, Greyhawk. Orodha ilitangulia, halafu ndio wakaitafutia maana.

Kisha 1978 toleo lililoitwa Advanced likaleta dari. Mpiganaji aliyepata Nguvu 18 alirusha dadu za asilimia kuona ameizidi hiyo 18 kwa kiasi gani. Mwanamume angeweza kufika mia. Mwanamke aliishia hamsini. Kumbuka hii ni dunia yenye majoka na wazee wanaotoa moto mikononi, lakini mwanamke mwenye nguvu za kupita kiasi ndiye aliyeonekana si halisi. Mwaka 1985 wakaongeza sifa ya saba, uzuri wa sura. Toleo la pili lilipotoka 1989, ile dari ilikuwa imeondolewa, na uzuri pia.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Fallout, kwa sababu pale sifa zilibadilika chakula kikiwa tayari jikoni. Tim Cain alianza kuitengeneza 1994 katika kampuni ya Interplay, California, na aliijenga juu ya GURPS, kanuni za mezani za Steve Jackson zenye sifa nne tu: nguvu, wepesi, akili na afya. Huko hurushi dadu kujua wewe ni nani. Unapewa pointi, unanunua. Mapema 1997, miezi michache kabla gemu kutoka, mpango ukavunjika. Steve Jackson hakufurahishwa na baadhi ya mambo aliyoonyeshwa, ukiwemo ukatili wa filamu ya ufunguzi, na leseni ikaenda. Hebu fikiria kazi ya miaka mitatu, na kila adui, kila silaha, kila mazungumzo yanategemea nambari ambazo sasa si zako.

Mbunifu mmoja hapo, Chris Taylor, akaandika mfumo mpya kwa haraka, na Cain akauingiza kwenye programu. Sifa zikawa saba, kuanzia 1 hadi 10: Nguvu, Utambuzi, Ustahimilivu, Mvuto, Akili, Wepesi na Bahati. Herufi za mwanzo za majina yake ya Kiingereza zilipangwa kwanza zikasomeka ACELIPS, neno ambalo halina maana yoyote, hadi zilipopangwa upya zikawa SPECIAL. Fallout ilitoka Oktoba mwaka huo, na leo neno hilo ni kama alama yake ya kuzaliwa. Bahati haikuwa kati ya zile nne. Iliingia kwenye orodha kwa sababu mkataba ulikufa.

Kuna jambo moja kwenye Fallout tuliloliiba waziwazi. Ukimpa mhusika wako Akili ya chini sana, hawezi kutunga sentensi, na watu wengi anaokutana nao wanamjibu kama hayupo. Nambari hiyo haisemi tu wewe ni nani, inaamua pia dunia itakuchukulia vipi. Tulipoliona hilo, jedwali letu lilianza kuoza.

Hapa Nairobi hatukuwa na mkubwa wa kumwiga. Gemu ya Wesley Kirinya ya 2007, The Adventures of Nyangi, ambayo wengi huitaja kama mwanzo wa gemu za 3D Kenya, ina msichana anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika, lakini ni ya mtindo wa Tomb Raider: kuruka, kukimbia, kupigana. Haikuulizi Hekima yako ni ngapi.

Nguvu ndiyo iliyokufa kwanza. Majirani waliotujaribia gemu walikuwa wanaimwagia pointi zote, halafu wanafika Hurlingham hawajaitumia hata mara moja, kwa sababu Nairobi ukipigana barabarani saa mbili usiku umeshapoteza, hata ukishinda. Hekima ikafuata. Hakuna aliyeweza kueleza inatofautianaje na Akili, nasi pia hatukuweza.

Mvuto ulileta vita. Mwenzetu wa kike, ambaye ndiye aliyeandika programu karibu yote, alituuliza, "Mvuto wangu ukiwa tisa, unanisaidia aje nikiwa peke yangu Valley Road usiku?" Kimya. Kwa mhusika wa kiume nambari hiyo ilikuwa inafungua milango, kwa wa kike ilikuwa inaita watu wa kumfuata nyuma. Mimi nilipendekeza tuweke kanuni tofauti kwa wanawake. Akaniambia niende nisome ya 1978 kwanza. Maze, hapo ndipo nilipoisoma.

Tukaugawanya Mvuto mara mbili. Kipande kimoja ni Mdomo, uwezo wa kuongea hadi mtu akuachilie. Kingine ni Kujulikana, na hiki kilitusumbua sana kiufundi kwa sababu hakikai mwilini mwa mtu. Tao unajulikana na watu sifuri. Yaaya, labda askari mmoja wa lango. Ukivuka kuingia Kawangware, nambari inapanda yenyewe, mama wa mboga anakuita kwa jina, na wale vijana wa kona wanakupisha. Ilibidi sifa moja iandikwe kama ramani.

Halafu kitambulisho. Tulikuwa tumekiweka ndani ya mfuko pamoja na simu na chapaa: polisi akikusimamisha, unatoa, unapita. Mwenzetu wa tatu ni Mnubi wa Kibera. Jamii yake imekaa hapo zaidi ya miaka mia, na bado wengi wao wamelazimika kusimama mbele ya kamati za kuwachuja ili wapate kadi ambayo mimi niliipata kwa kupanga foleni tu. Yeye ilimchukua miaka miwili, na ofisi aliyozungushwa siitaji. Aliangalia skrini akasema, "Buda, hii si kitu ya mfuko. Hii unazaliwa nayo. Weka huku juu, na Akili."

Nilimbishia. Kitambulisho ni kitu, kinapotea, kinaibwa. Akanikumbusha kipande.

Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kuwa nacho, na alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Ndani yake: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, siku alizoingia na kutoka kazini. Sijui uiite nini kama si karatasi ya mhusika, ila anayeijaza si mchezaji. Machi 16, 1922, umati ulisimama nje ya kituo cha polisi hapa mjini ukitaka Harry Thuku aachiliwe, na kipande kilikuwa moja ya malalamiko yao makubwa. Walipigwa risasi. Kwa hesabu ya serikali walikufa 21, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Barabara iliyo karibu na hapo sasa ina jina la Thuku, na ukitembea kutoka Kencom ni dakika chache tu. Wanawake wenyewe waliingizwa kwenye usajili wa vitambulisho sheria ilipobadilishwa 1978, mwaka uleule ambao kule Lake Geneva waliwekewa hamsini.

Basi tukaongeza mstari unaoitwa Makaratasi, huku juu, baada ya Akili. Hununui. Dadu inarushwa mara moja kabla hujaona jina lako.

Mwezi uliopita mdogo wake alikuja kujaribu. Alipata Makaratasi 2. Hatukumweleza chochote. Alianza Kencom kama wengine, akafika chini ya Valley Road, akasimama, akageuka kushoto. Akapandia Upper Hill, akapita Kenyatta Hospitali, akazunguka kabisa, karibu mara mbili ya urefu wa njia. Nikamuuliza mbona asipite barabara kubwa. Aliniangalia kidogo, akarudi kwa skrini.

Bado tunabishana kama Makaratasi inaweza kupanda katikati ya gemu. Dada yetu anasema lazima iwezekane, la sivyo nani atacheza hadi mwisho. Mnubi anasema ikipanda itakuwa gemu ya mtu mwingine. Kwa sasa haipandi, na kando ya mstari huo kwenye programu ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE.